Ukurasa wa Themanini na Nne

Vitabu vya Kiingereza vilikuja Wamena kwa ndege
kama saruji, kama mchele, kama kila kitu
kisichoota kwenye bonde letu.
Kitabu kimoja kwa wanafunzi wawili.
Mimi na Melianus tulipata chenye jalada lililokunjika.

Sura ya kwanza ni nyumba ya Bwana Harrison.
Tulikaa humo tangu Julai hadi Oktoba.
Tulizijua ngazi zake, birika lake la buluu,
tulijua binti yake hapendi karoti.
Wana mbwa. Mbwa anaitwa Biskuti.

Sura ya nne ni Jakarta na treni zake.
Rani na Dimas wanasalimiana, wanaagana,
wanasalimiana tena.

Sura ya saba ina herufi za rangi:
Utajiri wa Tamaduni Zetu.
Visiwa maelfu, kurasa mbili.
Batiki, nyumba yenye paa la pembe,
na chini kabisa, pembeni,
kama stempu iliyobandikwa kwa haraka,
mzee mwenye manyoya kichwani.

Mtu wa Papua.
Huishi milimani. Hula viazi vitamu. Hupenda kucheza ngoma.

Melianus akaweka kidole.
"Huyu ni babu," akasema,
kwa sauti ya mtu anayekuelekeza duka lilipo.

Babu yake, Yafet Hilapok:
alibeba magunia uwanja wa ndege miaka ishirini na sita,
alikuwa na koti la mtumba lisilo na vifungo,
tambi za pakiti alizila kavu, akizivunja kama kuni,
na ngoma hakucheza kabisa, kwa sababu ya goti.
Siku ya tamasha walimwazima yale manyoya.
Mpiga picha alimpa pakiti mbili za sigara,
hakumuuliza jina.
Tulimzika mwaka juzi, matope yakitufika magotini.

Zoezi la pili: jaza nafasi zilizoachwa wazi.
Melianus akajaza: Aliishi. Alikula. Alipenda tambi.
Mwalimu Wahyuningtyas, mtu wa Kediri, mtu mwema,
anayevaa soksi mbili mbili kwa baridi yetu,
akapiga mkasi mwekundu mara tatu.
"Hapa tunajifunza mazoea," akasema.
"Lakini amekufa, Mwalimu."
Darasa likacheka, kisha likaacha.

Nimeiwaza sana hiyo hu-.
Haina mimi, haina wewe, haina yeye.
Jana haiijui, kesho haimhusu.
Ni ya jua, ni ya mto:
jua huchomoza, mto hufurika,
mtu wa Papua hula viazi.
Bwana Harrison naye hukata majani kila Jumapili, sawa,
lakini ukurasa wa hamsini alivunjika mkono,
na ukurasa wa hamsini na tatu alikuwa amepona,
na kiangazi kijacho atakwenda baharini.
Yeye kapewa li-, kapewa ta-.
Hata Biskuti aliwahi kupotea.

Melianus akachukua penseli, akaandika jina chini ya picha,
akikandamiza hadi meza ikalia.

Mwisho wa mwaka vitabu hukusanywa
na anayekiandika kitabu hutozwa.
Mwalimu akapita na kifutio, meza kwa meza.
Kwetu alisimama.
Akasoma. Akafuta. Ni kazi yake, kuna fomu ya kujaza.
Ila alipopuliza vumbi la mpira aliuliza,
bila kututazama:
"Hilapok, ni kwa p moja?"
"Moja," Melianus akamjibu.

Julai iliyofuata mdogo wangu Dortea
alirudi na kitabu kile kile, jalada lile lile.
Alikuwa ameusugua ule ukurasa kwa ubavu wa penseli,
taratibu, kama mtu anayepaka majivu,
na katikati ya weusi jina likatokea, jeupe,
herufi kwa herufi.

"Nani huyu?" akaniuliza.

Nikaweka viazi motoni, nikaketi.
Nikaanza na zile tambi.